Zabuni iliyovaa jezi ya mashindano: ugomvi wa ramani za StarCraft II

Matokeo ya mashindano ya kuchora ramani, yaani viwanja vya kuchezea, za mchezo wa kompyuta wa StarCraft II yakishatoka, haipiti saa moja kabla lawama hazijaanza. Majaji wamebeba jamaa zao. Mchoraji fulani kapitisha ramani tatu, mwingine aliyekesha miezi miwili hakupitisha hata moja. Ramani yenye wazo jipya imeachwa, ile inayofanana na ya msimu uliopita imeingia bila jasho. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Kila toleo jipya likija lawama ni hizo hizo, majina tu ndiyo hubadilika. Mimi nadhani lawama hizi, hata pale zenye ukweli ndani yake, zinabisha hodi kwenye nyumba siyo. Kitu tunachokiita mashindano kinafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kinamtuza fundi aliyechora, na kinatafuta uwanja ambao watu wengine watachezea riziki yao. Haki ya fundi na haki ya mchezaji ni mambo mawili, na mara nyingi hugongana. Mpe jaji mwadilifu kuliko wote kazi hizo mbili kwenye karatasi moja ya alama, lazima kuna mmoja atatoka amedhulumiwa.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: StarCraft ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Marekani ya Blizzard mwaka 1998, na nyongeza yake ya Brood War ikafuata mwaka huo huo. Ni mchezo wa kivita. Wachezaji wawili wanaanza kila mmoja na kambi yake na vibarua wachache wa kuchimba madini, wanajenga, wanafungua kambi ya pili na ya tatu ili wachimbe madini na gesi zaidi, wanaunda jeshi, wanapigana mpaka mmoja anyanyue mikono. Zipo jamii tatu za kuchagua, Terran, Protoss na Zerg, na hazifanani kwa chochote. Terran ana vifaru vya kupiga kutoka mbali, Zerg ana makundi ya vidudu vyenye mbio, Protoss ana askari wachache wa gharama kubwa. Sasa hapo ndipo ramani inapopata nguvu zake. Uwanja wa mpira una vipimo vyake, na hata ule wa mchangani wenye mwembe kwenye kona na mteremko upande wa goli la kusini, dawa yake inajulikana tangu zamani: kipindi cha pili mnabadilishana magoli. Kwenye StarCraft hakuna kubadilishana jamii katikati ya mechi. Njia ikiwa finyu, Terran anaipenda. Uwanda ukiwa mpana, Zerg anazunguka jeshi la mwenzake kama nyuki. Kwa hiyo anayechora ramani anaamua nani ataanza mechi akiwa amepumua na nani ataanza akiwa na deni.

Wakorea walilielewa hili mapema kuliko wote. Blizzard iliacha kurekebisha uwiano wa jamii za Brood War mwaka 2001, na tangu hapo hakuna askari aliyeongezewa wala kupunguziwa nguvu. Ligi za kulipwa za Korea ziliendelea kwa zaidi ya muongo mmoja baada ya hapo, na kilichouweka mchezo sawa kilikuwa ramani. Msimu huu Zerg amezidi, basi msimu ujao leta ramani ambazo kambi ya tatu ni ngumu kuishika. Terran analala njaa, mpe jabali la kupandia vifaru. Hata vitu vidogo sana vilihesabiwa: kwenye Brood War chimbo la gesi likiwekwa upande mmoja wa kambi, vibarua watatu hawaleti gesi sawa na likiwekwa upande mwingine, kwa sababu ya jinsi wanavyolizunguka jengo. Mchoraji asiyelijua hilo anaweza kutengeneza ramani inayovutia macho, yenye pande mbili zinazolingana kwenye picha, na bado mchezaji wa upande mmoja akawa anaibiwa kidogo kidogo mechi nzima. Hawa wachoraji walikuwa wanatunga sheria. Waliitwa wachoraji tu kwa sababu zana yao ilikuwa kalamu.

StarCraft II ilipofika, Julai 2010, Blizzard ilianza kwa kuchora yenyewe, na ukweli usemwe, ilichemsha. Ramani ya Steppes of War ilikuwa fupi kiasi kwamba jeshi dogo lilifika mlangoni kwa jirani kabla hajamaliza kujenga. Lost Temple ilikuwa na jabali juu kabisa ya kambi ya pili, Terran anashusha kifaru hapo kwa ndege, anakupiga, na wewe huna njia ya kupanda. Mwaka 2011 ikabidi itolewe Shattered Temple, ambayo kimsingi ni ramani ile ile bila jabali lile. Ligi ya GSL ya Korea haikungoja, ikaleta ramani zake kubwa zaidi, na moja kati ya hizo, Tal'Darim Altar, ikaingizwa na Blizzard kwenye mechi za viwango ambazo mtu yeyote hucheza nyumbani. Mashabiki walikuwa wamethibitisha kwamba wanaiweza kazi hii kuliko mwenye mchezo. Team Liquid, jina lililoanzia Uholanzi mwaka 2000 kama kikundi cha wachezaji wa Brood War, wakaanzisha mashindano ya ramani. Cloud Kingdom, ramani iliyotokana na mashindano hayo ya mwanzo, ilichezwa kwenye ligi kubwa na watu wakaililia ilipoondolewa. Kisha Oktoba 2020 Blizzard ikatangaza kwamba haitatengeneza tena bidhaa mpya za kuuza kwa ajili ya StarCraft II. Hapo mashindano ya mashabiki yakaacha kuwa kitoweo cha pembeni. Yakawa ndiyo jiko lenyewe.

Hilo ndilo badiliko ambalo nadhani halijaeleweka. Watu bado wanagombana kana kwamba tuko mwaka 2011, mashindano ni sherehe ya mafundi na ramani nzuri ipewe kombe. Lakini tangu jiko lihamie huku, matokeo haya ndiyo yanayoamua mchezaji wa kulipwa atafanyia mazoezi nini kwa miezi kadhaa. Mwaka 2024 StarCraft II ilichezwa kwenye Esports World Cup mjini Riyadh, na Mfaransa Clem, anayecheza Terran, ndiye aliyetwaa ubingwa mbele ya Serral wa Finland anayecheza Zerg. Kwa watu wa kiwango hicho, mteremko mmoja mpana kidogo unaweza kugharimu dola elfu nyingi. Wanaotafuta uwanja kama huo wana kanuni nyingine kabisa na wanaomtafuta msanii bora. Mtu akishinda zabuni ya kujenga daraja hatumuulizi kama daraja lake lina wazo jipya.

Niwape mfano mmoja wa karibu. Niliwahi kuifungua programu ya kuchorea ramani inayokuja na mchezo huu, nikakaa nayo jioni za wiki tatu. Nilichora bonde lenye mto mkavu katikati, nikapanga mawe, nikachagua mwanga wa jioni, nikajiona nimefika. Nikamwita rafiki yangu anayecheza Zerg aje atazame. Hakuangalia mto wala mwanga. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa kambi ya pili, akavuta picha karibu, akanyamaza, kisha akauliza: "Kaka, hapa Protoss anafunga na nini?" Protoss hufunga mlango huo kwa majengo machache akiacha upenyo wa askari mmoja kusimama, ili vile vidudu vya Zerg visipite. Mlango wangu ulikuwa umezidi mraba mmoja. Mraba mmoja tu! Maana yake Protoss angehitaji askari wawili pale, na huyo wa pili hana pesa yake katika dakika hizo. Wiki tatu za kazi, na jibu sahihi la jaji lilikuwa hapana. Kama fundi, niliumia. Kama ningekuwa mchezaji wa Protoss, ningemshukuru jaji huyo hadi kesho.

Tuzitazame basi lawama zenyewe. Ya kwanza, na ndiyo yenye kelele, ni kwamba majaji na washindani wanafahamiana. Ni kweli, wanafahamiana. Wanaochora ramani hizi kwa kiwango cha juu duniani kote ni wachache, na baadhi ya majaji wamewahi kuchora. Dawa inayopendekezwa ni kuficha majina. Ifanyike, haina ubaya, ila tusijidanganye kuhusu nguvu yake. Anayesoma mashairi kwa miaka anamtambua malenga kwa vina na kwa jinsi anavyofunga beti, hata akijiita jina gani la kalamu. Mchoraji naye ana mkono wake: namna anavyopinda njia kuelekea kambi ya tatu, rangi za nyasi, ukuta wa madini aliouweka pale kama njia ya siri. Jaji mzoefu ataujua mkono huo ndani ya dakika moja. Isitoshe, mchoraji anayepitisha ramani nyingi mara nyingi ni yule aliyechora nyingi na kutupa nyingi zaidi. Kuna wakati upendeleo na uzoefu vinatoa matokeo yanayofanana kabisa ukivitazama kwa nje, na mlalamikaji huwa hana namna ya kuvitenganisha. Jaji naye hana, na hilo ndilo linalopaswa kumsumbua.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya kuwaachia mashabiki wapige kura kwa kila kitu, kuanzia mchujo wa kwanza mpaka mshindi. Inasikika vizuri, ya kidemokrasia. Lakini jiulize mpiga kura anaona nini. Anaona picha ya ramani nzima kutoka juu, ndogo kama kiberiti, na anachopigia kura ni rangi. Theluji na taa za samawati hushinda jangwa. Ramani yangu ile yenye mto mkavu ingepata kura nyingi kuliko ilivyostahili, na mraba wake mmoja usingeonekana na yeyote. Juu ya hapo, kila mpiga kura ana jamii yake, na mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: mwenye kucheza Terran hatakumbuka kuuliza Zerg ataishi vipi. Kisha kuna watangazaji wa mechi wenye wafuasi wengi. Neno lao moja jioni linahamisha kura za usiku mzima, na hapo tumewaondoa majaji watano wanaofahamika tukaweka jaji mmoja ambaye hakuteuliwa na mtu. Mashindano ya Team Liquid yamekuwa yakiiweka kura ya umma mwishoni, baada ya majaji kuchuja. Mpangilio huo una kasoro, lakini angalau mpiga kura anachagua kati ya viwanja vinavyochezeka.

Wengine, hasa wapenda hesabu, wanasema tusihitaji majaji wala kura, takwimu ziamue. Ramani zijaribiwe kwenye mashindano madogo, tuone nani anashinda. Ningependa iwe rahisi hivyo. Chukua mechi 30 za Terran dhidi ya Zerg kwenye ramani mpya, Zerg ashinde 18. Ni asilimia 60, watu watashika vichwa. Lakini rusha sarafu isiyo na hila mara 30, na takriban mara 18 katika kila majaribio 100 ya aina hiyo utapata upande mmoja uliouchagua mara 18 au zaidi. Mechi 100 zenye matokeo ya 55 kwa 45 zina udhaifu karibu ule ule. Na hapo nimechukulia kwamba wachezaji wana uwezo sawa na wote wameshaizoea ramani, jambo ambalo kwenye mashindano ya majaribio halipo kabisa. Ushahidi wa kutosha hupatikana baada ya miezi ya mechi, yaani baada ya uamuzi kufanyika. Kwa hiyo jaji anabashiri. Anaposhutumiwa kwamba alijua fika ramani fulani inambeba Zerg na akaipitisha, shutuma hiyo inampa elimu ambayo hakuna mtu aliyekuwa nayo siku ile.

Iko lawama moja ambayo siwezi kuisukuma kando, na ajabu ni kwamba haipigiwi kelele nyingi. Waliofuzu hupewa muda wa kurekebisha ramani zao kwa kufuata maoni ya majaji na wachezaji kabla ya hatua ya mwisho. Walioachwa hawapewi. Tafakari kinachotokea. Ramani yenye wazo kali lakini iliyojaa makosa inapita, inarekebishwa kwa msaada wa macho ya watu bora, inaibuka safi. Ramani iliyofanyiwa kazi mpaka ikakamilika, lakini wazo lake la kawaida, inaachwa. Au kinyume chake: ramani kama yangu inaachwa kwa mraba mmoja ambao ungerekebishwa kwa dakika kumi, kwa kuwa jaji mwenye ramani nyingi za kupitia alikuwa amechoka. Kama haya ni mashindano ya ufundi, huu ni uonevu wa wazi. Ni sawa na msimamizi wa mtihani kumsahihishia insha mwanafunzi mmoja na kumrudishia aiandike upya kabla ya alama. Lakini kama ni kutafuta uwanja, ni busara tupu. Unayemnunulia uwanja anataka ulio bora mwishoni, hana haja ya kujua ulianzaje. Utaratibu ni ule ule. Ukiutazama kama kombe unanuka, ukiutazama kama tenda unaeleweka.

Ugomvi wa ramani za ubunifu nao unatoka kwenye mzizi huo. Team Liquid wamejaribu kugawa makundi, kundi la ramani za kawaida, la zinazopendelea mashambulizi ya mapema, la zinazopendelea kujenga uchumi, na mara nyingine kundi la mambo mapya, ili wazo la ajabu lisishindanishwe na kazi ya salama. Ni hatua nzuri. Tatizo linaanza baada ya kombe. Kushinda kundi lako hakujawahi kuwa tiketi ya moja kwa moja ya kuingia kwenye mechi za viwango. Walioandaa orodha ya msimu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya ramani 7, walichagua kutoka kwa waliofuzu kwa vigezo vyao. Na hata ikiingia, mchezaji wa kulipwa ana haki ya kuikataa kabla ya mechi, naye huikataa. Hakuna wa kumlaumu. Ana wiki mbili za maandalizi, na ramani ya ajabu inamla siku kumi. Hivyo mchoraji anaambiwa awe jasiri na mkono mmoja, na mkono wa pili unampunga arudi nyuma. Msimu ujao analeta ramani ya kawaida. Halafu watazamaji wanalalamika kwamba ramani zote zinafanana.

Najua wapo watakaosema nawasafisha majaji. Sivyo. Jaji asiyeandika sababu zake anastahili kutiliwa shaka, na sentensi mbili kwa kila ramani iliyoachwa si mzigo wa kumshinda mtu. "Mlango wa kambi ya pili umezidi mraba mmoja" ni sentensi moja. Ninachokataa ni kuamini kwamba tukiwapata majaji malaika ugomvi utaisha. Utaendelea, kwa sababu karatasi yao itabaki na maswali mawili yaliyoandikwa kama moja.

Na wakati mashabiki wanagombana wao kwa wao, kuna mtu aliyekaa kimya pembeni ambaye ananufaika na ramani zote, zilizoshinda na zilizoshindwa. Mchezo ni wa Blizzard, na tangu Oktoba 2023 Blizzard ni ya Microsoft, ambayo iliinunua kampuni mama, Activision Blizzard, kwa karibu dola bilioni 69. Mchezo huo unaendelea kuwa na uhai kwa kazi ya watu wanaochora jioni baada ya ajira zao, wakigombania zawadi ambazo haziwezi kumlipa mtu kodi ya nyumba ya mwaka. Historia yake inajulikana. DotA ilizaliwa kama ramani ya mashabiki ndani ya Warcraft III, mchezo mwingine wa Blizzard, na wazo lake lilichota kutoka ramani ya StarCraft iliyoitwa Aeon of Strife. Ikakua mpaka kampuni ya michezo ya Valve na Blizzard wakagombania jina lake, wakapatana mwaka 2012. Blizzard haikusahau. Warcraft III: Reforged ilipotoka Januari 2020, masharti yake yalisema kwamba michezo inayotengenezwa na mashabiki kwa programu yake ni mali ya Blizzard. Mashabiki walikasirika kwa wiki chache, kisha wengi wakarudi kuchora.

Hapo ndipo ningependa kuuona ule mchanganuo wa haki ukielekezwa. Mchoraji anayelalamika kwamba nafasi yake imekwenda kwa rafiki wa jaji anagombania kipande cha zawadi iliyo ndogo tangu mwanzo. Akiitwa mzabuni, maswali yake yangekuwa mengine: kazi yangu ikitumika msimu mzima kwenye mechi zenye fedha nyingi, nalipwa mara moja au kwa msimu? Ikibadilishwa na mtu mwingine, jina langu linabaki? Ikiachwa, narudi nayo nyumbani au imeshakuwa ya mtu? Sijaona maswali hayo yakipewa hata robo ya joto linalopewa swali la nani alikuwa rafiki ya nani. Wiki iliyopita niliirudia ramani yangu ya mto mkavu, nikaupunguza ule mraba. Nikiwa nahifadhi faili ndipo nilipokumbuka kwamba masharti ya programu ile niliyakubali miaka iliyopita bila kusoma hata ukurasa wa kwanza.